Sponji Chafu Kutoka Kimaka

Mimi ni askari magereza hapa Mbale, na kazi yangu ya kwanza kila ninapoingia zamu ni kuhesabu watu. Nikishahesabu, nasimama wima mbele ya mkubwa wangu na kusema, "Wote wapo, afande. Hakuna la kuripoti." Nimeyasema maneno hayo kwa miaka mingi kiasi kwamba watoto wangu wanadai huwa nayasema hata nikiwa usingizini. Basi ni maneno hayo hayo yaliyokaribia kuwamaliza samaki wote wa baba yangu. Niliyatamka mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, na hadi leo nikikumbuka najichukia kidogo.

Baba ni sajini mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliimalizia stoo, akihesabu mablanketi na mabuti. Alipostaafu hakurudi kwao kaskazini. Alipanga nyumba ya vyumba viwili Kimaka, kule Jinja, karibu na chuo cha maafisa, mahali ambapo bado anaweza kusikia wanajeshi wakikimbia na kuimba asubuhi na kusema, "Hawa siku hizi hawajui kuimba." Marehemu mama alikuwa Mgisu wa Mbale. Yeye na baba walikutana kwa Kiswahili cha kambini, wakaoana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. Ndiyo maana mimi naomba, nagombana na kuota kwa lugha hii, ingawa wapo wazee hapa mtaani ambao wakiisikia ikipanda juu nyuma ya ukuta bado wanakwenda kuhakikisha mlango umefungwa. Siwalaumu. Ilikuwa lugha ya askari waliobisha milango yao usiku miaka ile, na walioyaona waliyaona.

Kitu ambacho majirani wa Kimaka hawakukielewa kwa baba ni samaki wake. Tangi la kioo lenyewe halikuwashangaza, kwani watu walishaliona hotelini. Kilichowashangaza ni kwamba ndani yake aliweka nkejje. Nkejje ni samaki wadogo wa ziwani, urefu wa kidole, wale wanaokaushwa na kuchomekwa kwenye vijiti sokoni, wale ambao akina mama wa Busoga na Buganda humpikia mchuzi mtoto mwenye surua. Kumfuga nkejje ni sawa na kufuga maharage! Lakini anayemjua nkejje wa kijitini hajamjua nkejje. Dume akiwa hai ana ubavu mwekundu wa kaa la moto, midomo ya buluu, na madoa ya njano kwenye pezi la nyuma. Baba aliwaomba kwa wavuvi waliokuwa wakiwatumia kama chambo, akawabeba ndani ya ndoo, akawapa nyumba.

"Hawa ni wakimbizi," alikuwa akituambia. "Mputa, yule sangara mkubwa, amekula ukoo wao wote ziwani. Hapa kwangu wana kambi."

Na kambi ilikuwa kambi kweli. Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alifanya alichokiita gwaride la wagonjwa. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye kioo, mikono nyuma, kimya, dakika tano nzima. Hakusogea, kwa sababu ukisogea samaki wanajibaraguza. Hakuwapa chakula kwanza, kwa sababu samaki mwenye njaa na samaki mgonjwa hawafanani, na ukimlisha kabla ya kumwangalia umepoteza dalili yako. Nikiwa msichana nilisimama kando yake kwa sababu nilipenda kuwa naye, na ndivyo nilivyojifunza bila kujua kama najifunza.

"Askari akiumwa anajileta mwenyewe kwa daktari," aliniambia. "Tena anajileta hata akiwa haumwi. Lakini samaki anaficha. Kule ziwani anayeonyesha udhaifu analiwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo usingoje aje kuripoti. Wewe ndiye unakwenda kumtafuta."

Alianza na mapezi. Mapezi yakiwa wazi, yametanuka, mwenye nayo yuko vizuri. Yakibanwa mwilini, huyo anasikia baridi ya ndani. Kisha matamvua, yale mashavu ya kupumulia. Yanapiga polepole au yanapiga mbio? Yana wekundu usio wa kawaida? Kisha ngozi. Vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi, utando wa kamasi, gamba lililosimama, rangi iliyopauka. Anajikuna kwenye mawe? Anasimama pembeni peke yake na uso wake ameupa ukuta? Anahema juu kwenye maji? Mwisho alitazama mavi yao, nami hapo nilicheka kila siku. Alisema mavi meupe yanayoning'inia mithili ya uzi ni barua kutoka tumboni, na mtu asiyesoma barua zake asilalamike.

Hapo ndipo alipowatupia dagaa waliosagwa, kiasi cha kushikika kwa ncha za vidole viwili, akaangalia nani amekuja wa kwanza na nani wa mwisho. Kama yule wa kwanza wa jana leo amekuja wa mwisho, baba alikunja uso. Nimefanya kazi na waganga wengi wa binadamu na sijaona aliyemwangalia mtu hivyo.

Halafu macho yake yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Alificha. Ndiyo, yeye mwenyewe, mwalimu wangu wa kuwatafuta wanaoficha! Alijua nyumba yake kwa hatua, akaendelea kusimama mbele ya tangi kila asubuhi na kutwambia kwenye simu kwamba kikosi kiko imara. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta wawili wamejaa vidoa vyeupe tangu mkiani hadi usoni, na yeye amesimama hatua mbili, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nilipomwambia, alisema tu, "Wachukue wote."

Wale wawili walikufa. Saba waliobaki, dume mmoja na majike sita, tuliwatibu wakapona, na daktari wa macho alipompangia upasuaji, baba alinikabidhi tangi kama mtu anayekabidhi lindo. Alinisimamisha, akanihesabia kila kitu, pampu ya hewa, sponji la kuchujia maji, mawe, mzizi mmoja wa mti. Mwisho akagusa kioo kwa kidole pale alipojua dume anakaa.

"Huyu mwekundu," alisema, "ana pengo kwenye pezi la mgongo. Siku watakapofungua jicho langu, kitu cha kwanza ninachotaka kuona ni yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Niliwabeba hadi Mbale, nikawaweka sebuleni kwangu huku Nkoma, na tukaanza utaratibu wetu. Kila asubuhi kabla sijavaa sare, nilisimama mbele ya tangi, nikampigia simu baba, nikawa macho yake. Mapezi wazi. Matamvua polepole. Ngozi safi. Barua za tumboni zinasomeka. Wote wapo. Alifurahi, na mimi nilifurahi zaidi yake, maana tangu niondoke nyumbani sikumbuki wakati mwingine ambapo nilizungumza na baba yangu kila siku. Jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye kibanda cha nguo soko la Nakaloke, alinisikia ng'ambo ya ua nikipaza sauti, akadhani nimeolewa na mwanajeshi kwa siri. Nilimwingiza ndani nikamwonyesha. Aliinama, akatazama, akashika kiuno.

"Nkejje wa kutazama tu? Wallahi dada, wewe una moyo. Mimi ningekuwa nimeshawakaanga."

Basi ikawa Jumatano moja, wiki tatu kabla ya upasuaji, baba akasema, "Jumapili nakuja kukagua." Alisema kwa utani. Lakini mimi ni mtoto wa kambi, na kwa mtoto wa kambi neno kukagua halina utani. Utotoni kwetu neno hilo likitamkwa, mama alifua mapazia, sisi tukasugua sufuria kwa mchanga mpaka ukajiona uso, na baba akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi. Alhamisi nilikuwa na mapumziko. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaanza.

Niliwatoa samaki nikawaweka kwenye beseni. Nilimwaga maji yote. Nilisugua kioo, nikayaosha mawe kwa sabuni ya unga, moja moja, kwa brashi. Lile sponji lilikuwa na uchafu wa rangi ya kahawia ambao ulinitia aibu. Nilijiuliza nimekaaje na uchafu huo sebuleni. Nikalipiga sabuni, nikalikamua, nikalipiga tena mpaka likatoka jipya. Nikasuuza vyote, nikajaza maji ya bomba moja kwa moja, nikawarudisha samaki. Tangi liling'aa! Nilivuta kiti nikakaa mbele yake nikajisifu. Na sasa utazame huo ujinga wangu. Nani anasugua nyumba namna hiyo kwa ajili ya mgeni asiyeona?

Ijumaa asubuhi wote saba walikuwa wamebadilika. Watano walikuwa juu kabisa, midomo nje ya maji, wanahema. Matamvua yanapiga mbio, mekundu. Dume alikuwa amepauka hadi ubavu wake ukawa rangi ya kutu. Jike mmoja hakupanda juu, alikaa chini ya mzizi, pembeni, uso ukutani, nami nikamhesabu kuwa ndiye aliye karibu na kifo kuliko wote. Simu ilikuwa tayari mkononi.

"Ripoti," alisema baba.

Ningesema. Nilifungua mdomo niseme. Lakini zipo njia mwilini ambazo maneno yamepita mara nyingi mno mpaka yanapita yenyewe. "Wote wapo, afande. Hakuna la kuripoti." Nilijiambia kwamba wamechoka tu, wamehamishwa, watatulia. Nilijiambia kwamba mzee ana upasuaji mbele, nisimpandishe presha. Uongo mtupu. Niliogopa kugombezwa, mimi, mwanamke mzima mwenye funguo za geti kiunoni.

Jumamosi nilimkuta jike mmoja amelala ubavu chini ya tangi. Nilimtoa, nikamweka kwenye bakuli la jikoni, nikalifunika kwa sahani. Simu ikalia.

"Ripoti."

"Wote wapo."

"Mapezi?"

"Wazi."

"Matamvua?"

"Polepole."

"Hebu weka simu karibu na maji. Nisikie pampu."

Niliweka simu juu ya kioo. Nilidhani anataka kusikia ule mngurumo aliouzoea. Nilipoirudisha sikioni alisema, "Haya, mama," na simu ikakatika. Hakuuliza kitu kingine. Nilikaa nikashukuru Mungu kwamba nimepona.

Saa saba mchana boda boda ilisimama nje ya geti. Nilichungulia nikamwona baba anashuka, mkono mmoja begani kwa dereva, mkono mwingine umekumbatia ndoo ndogo yenye mfuniko. Alikuwa amesafiri kutoka Jinja peke yake, haoni mbele, na ndoo ile ameipakata njia nzima. Nilikimbia kumpokea. Hakunisalimia.

"Maji yako wapi?"

Nilimshika mkono nikamfikisha. Aliinamisha uso juu ya tangi akanusa. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, akivuta pumzi fupi fupi. Kisha akatega sikio, na hapo nami kwa mara ya kwanza nikasikia alichosikia kupitia simu: pu, pu, pu, sauti ndogo za midomo inayopasua uso wa maji. Mimi niliyekuwa na macho mawili mazima sikuwa nimeisikia. Aliingiza mkono, akatafuta jiwe, akalitoa, akalisugua kwa kidole gumba. Jiwe likalia, kama sahani iliyooshwa vizuri.

"Jiwe la tangi halilii," alisema. "Jiwe la tangi linateleza. Umeliosha na nini?"

"Sabuni."

"Na sponji?"

"Na sponji."

"Wangapi wamekufa?"

Nilikwenda jikoni nikaleta bakuli. Alimpapasa yule jike, akamfunika tena. Nilingoja radi ipige. Jamani, nilimjua baba yangu, nilimwona akimkaripia mtu kwa kifungo kimoja cha shati. Lakini alitafuta kiti kwa mguu, akakaa, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Lile sponji lilikuwa na wakazi. Vijidudu, huvioni. Samaki wanakojoa mle mle wanamokaa, na mkojo ule ni sumu, na wale wakazi ndio wanaoila. Hao ndio wazoa taka wa kambi. Wewe umefukuza kikosi chote cha usafi, halafu umewaacha wenzao waoge kwenye choo."

Alifungua mfuniko wa ndoo. Ndani, kwenye maji ya rangi ya chai, kulikuwa na sponji. Nyuma ya nyumba yake Kimaka ana pipa la maji ya mvua alilolitumia zamani kuwatenga wagonjwa, na bado lina samaki wawili watatu wa akiba ndani yake. Sponji hilo lilikuwa la pipa hilo. Lilikuwa chafu! Lilikuwa chafu kuliko lile langu, jeusi, lenye utelezi, linanuka matope ya ziwa.

"Likamue ndani ya tangi."

"Ndani? Baba, maji yatachafuka."

"Kamua."

Mikono yangu ilikataa. Haki ya Mungu, mikono iliyofundishwa kusugua tangu miaka sita haikubali kirahisi kukamua tope kwenye maji meupe. Nilipiga moyo konde nikakamua, na wingu la kahawia likajaa tangi zima. Kisha tukaliweka lile sponji chafu mahali pa lile langu safi. Baba akasema tutoe theluthi ya maji, si zaidi, maana kuyatoa yote ni kuwapiga mara ya pili, na tusiweke ya bomba, maana ile dawa ya bomba inaua wakazi wapya kabla hawajapanga vitu vyao. Ya bomba hulazwa kwanza kwenye chombo wazi siku nzima. Hatukuwa na siku nzima. Nilikimbia kwa jirani yangu, naye akanijazia jerikeni mbili za maji ya mvua kutoka kwenye simtangi lake, akabeba moja mwenyewe, akaingia nayo. Baba alimwelekeza ayamimine kutoka juu, polepole, ili yaingie na hewa. Yule mama alimimina akiwa amepanda kwenye stuli, anataja jina la Mungu kila tone. Dagaa marufuku kwa siku mbili.

Jioni hiyo, tukinywa chai, nilishindwa kuvumilia. "Kwa nini hunigombezi?" nilimwuliza, tena kwa ukali, kama vile yeye ndiye mwenye kosa. "Nigombeze tumalize!"

Alizungusha kikombe mikononi. "Kosa la sabuni nilikufundisha mimi," alisema. "Nilipitisha kidole kwenye fremu za milango yenu miaka yote ile. Hilo nalichukua. Lakini kosa la ripoti, hilo ni la kwako."

Lilikuwa la kwangu.

Jumapili asubuhi majike wanne walikuwa wameshuka kutoka juu. Walikuwa wanaogelea, mapezi yamefunguka nusu. Yule wa chini ya mzizi bado yuko pale pale. Dume alikuwa anaelea karibu na pampu, na niliona kabla sijafika. Baba alikuwa kitandani kwenye chumba cha watoto. Nilikwenda nikasimama mlangoni, wima.

"Naripoti," nilisema. "Mwekundu amekufa."

Alinyoosha kiganja. Nilimwekea dume mle, akampitishia kidole gumba mgongoni, kutoka kichwani kwenda mkiani, mpaka kidole kikaingia kwenye lile pengo la pezi. Kikabaki hapo. "Ndiye," alisema. Uso wake ukageukia dirishani, kwenye mwanga ambao kwake ulikuwa ukungu tu. Nililia mbele yake kama mtoto. Angenipiga kofi ningeshukuru. Tulimzika chini ya mgomba nyuma ya nyumba, pamoja na yule wa bakuli, na baba mwenyewe ndiye aliyefukia.

Alirudi Kimaka baada ya siku nne, nami nikarudi kwenye ripoti, safari hii nikisema kila nilichokiona, hata kilichonichoma. Na kilichonichoma ni yule jike wa chini ya mzizi. Wenzake walikuwa wamepona, wanakuja mbio kwa dagaa. Yeye hakuja. Siku ya tano, ya saba, ya tisa, hakula hata chembe. Tena koo lilikuwa limemvimba. Nilikata shauri kwamba ana uvimbe, na nikatayarisha chombo cha kumtenga na chumvi ya kumwogesha. Lakini nilipiga simu kwanza.

"Mmoja hali," nilisema. "Siku ya tisa. Amevimba koo. Anajificha. Namtoa leo."

"Ngoja. Mapezi?"

Niliangalia vizuri, hatua mbili, mikono nyuma. "Wazi. Yametanuka kabisa."

"Matamvua?"

"Polepole. Meupe, hapana, ya kawaida."

"Rangi?"

"Imekolea."

"Mdomo. Tazama mdomo wake. Unafanya nini?"

Nilipiga magoti. "Anatafuna. Lakini hana kitu, baba. Anatafuna tu, anazungusha zungusha."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afariki. Baba alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akakohoa.

"Huyo si mgonjwa, mama. Huyo ana watoto mdomoni. Nkejje analea mdomoni, hujui? Halafu hali mpaka watoke, asije akawameza. Alikuwa nao tangu siku ile ya sabuni yako. Wenzake wanahema juu, yeye amefunga mdomo, amewabana." Alipumua. "Na dume alikuwa mmoja tu mle."

Nilibaki nimepiga magoti pale pale. Niliitazama ile chumvi niliyokuwa nimeshaipima kwenye kijiko, nikaenda nikairudisha kwenye kopo. Siku zote zile nilimwandika maiti, kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa kazini! Kuanzia hapo nilimheshimu yule jike kuliko wakubwa wangu wengi. Nilitembea sebuleni kwa miguu peku nisimshtue, nikazima redio, na jirani yangu akija kuchungulia alikuwa anavua viatu na kunong'ona.

Wiki ya upasuaji wa baba, wakatoka. Nilikuta vitu vidogo vyenye macho, urefu wa punje ya mchele, vimejipanga mbele ya uso wa mama yao, na nilipokaribia akafungua mdomo wakaingia wote wakapotea. Nilipiga kelele peke yangu nyumbani. Niliwahesabu asubuhi tatu mfululizo, na kuhesabu ndiyo kazi ninayolipwa. Kumi na tisa. Nilimpigia baba akiwa bado na bandeji. "Wametoka. Kumi na tisa."

"Rudia kuhesabu."

"Nimerudia. Kumi na tisa."

"Haya."

Alikuja baada ya siku kumi. Jicho moja lilikuwa limefunguliwa, la pili lilikuwa linangoja zamu yake. Alishuka kwenye boda boda bila kushika bega la mtu, akavua miwani ya giza, akanitazama kuanzia kichwani.

"Una mvi," alisema.

"Asante sana, afande."

"Umefanana na mama yako." Akanipita.

Alisimama mbele ya tangi, hatua mbili, mikono nyuma. Mimi nilisimama pembeni yake, mahali pangu pa siku zote. Maji hayakuwa meupe tena. Mawe yalikuwa yameanza kuota utelezi, na sponji la Kimaka lilikuwa jeusi vile vile. Wale wadogo walitawanyika, wakakusanyika, wakatawanyika. Mahali pa dume palikuwa patupu, na niliona jicho lake jipya likienda pale, likakaa, kisha likaendelea. Dakika tano zilipita, pengine kumi. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti.

"Ripoti yako si sahihi," alisema.

"Ala! Nimehesabu mara ngapi!"

"Ishirini." Alinyoosha kidole. "Nyuma ya sponji."

Nilichuchumaa nikabandika shavu kwenye kioo. Pale nyuma, kwenye uchafu wenyewe, alikuwapo mmoja, mdogo kuliko wote, anadonoa lile tope dona dona, mapezi yake yamefunguka yote. Sikuwa nimemwona hata siku moja. Niliinuka nikasimama wima.

"Ishirini, afande," nilisema.

Baba hakugeuka. Alikuwa angali anatazama, nami nilimwacha atazame mpaka chai ikapoa.